Msimu Elisha Alipoitwa Fabiano

Issuna, Jumapili, 15 Novemba 1998

Mvua ya kwanza imenyesha jana, ikalowesha vumbi na kuondoka. Naandika kwenye daftari la hisabati la Elisha. Amemaliza darasa la saba, kurasa nyingi zimebaki nyeupe, na mimi sitaki karatasi nzuri iende kufungia maandazi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Nilikuwa wa tatu shule nzima, wakachukuliwa wawili, nikaolewa.

Leo baada ya misa limekuja pikapu jeupe limeandikwa ubavuni AKADEMI YA NYOTA NJEMA, DODOMA. Akashuka mtu mwenye filimbi shingoni, anaitwa Kocha Melkiori. Akasema anatafuta vijana wa mpira, na kila aliyekuwa na mtoto wa kiume akamsukuma uwanjani. Walicheza pekupeku saa mbili nzima. Lazaro, mume wangu, alikimbia kando ya chaki akipiga kelele kuliko wachezaji. Zamani alivaa jezi namba saba kwenye timu ya shirika alikofanya kazi ya stoo. Shirika likauzwa kwa tajiri, timu ikavunjwa, akarudi nyumbani na kiinua mgongo kilichoisha kwenye bati za nyumba.

Mwisho kocha akamshika Elisha wetu bega. "Huyu ana mguu wa kushoto wa kuzaliwa nao. Ana miaka mingapi?"

Elisha anatimiza kumi na sita Februari. Alianza shule amechelewa kwa sababu ya kuchunga, na mwili wake mdogo ni wa upande wangu.

"Nachukua walio chini ya kumi na tatu," kocha akasema. "Wazungu wanakuja mwezi wa tatu, wanataka wadogo. Hana mdogo wake?"

Nilidhani anauliza kama tuna mtoto mwingine anayejua mpira. Nikamjibu kwamba tunaye Leah tu, na ana miaka sita.

28 Novemba

Nimepanda mtama. Mawingu yanapita kwenda kunyeshea wengine.

Jumamosi, 12 Desemba

Mwalimu Nathan, mwalimu mkuu, amekuja mwenyewe kwa baiskeli. Nilipomwona anashuka kabla ya kufika uani nilijua. Watoto sitini na mmoja walifanya mtihani. Wamechaguliwa wawili kwenda sekondari ya serikali mjini: binti mmoja wa huko mtoni na Elisha Lazaro. Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Scola akaja mbio na mikono ina unga, akadhani nyuki wamevamia.

Barua ipo hapa, nimeisoma mara nne. Aripoti tarehe 25 Januari. Mtoto wa Leonidas, Gasto, hakuchaguliwa. Leonidas ndiye mwenye mashine ya kukamua alizeti, na tangu chama cha ushirika kife ndiye anayepanga bei ya jasho letu. Leo kuna kitu tumepata sisi ambacho yeye hana. Mungu anisamehe, nimefurahia hilo pia.

Lazaro amesema "vizuri," akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamelala.

Jumamosi, 19 Desemba

Nimejua kwa nini alisema "vizuri" vile. Akademi imeleta barua yake wiki hii kwa kondakta wa basi. Elisha amechukuliwa; kuhusu umri, Lazaro anasema kocha amelegeza. Ada ya muhula wa kwanza shilingi sitini elfu, viatu juu yao.

"Mama Elisha," Lazaro akaanza kwa sauti ya kubembeleza, na mimi namjua akianza hivyo. "Sekondari ipo tu. Mguu wa mtoto haungoji."

"Sekondari ipo wapi? Ipo kwa watoto wawili kati ya sitini na mmoja!"

"Mimi cheti changu cha kidato cha nne kipo kwenye sanduku. Kilinipa kazi, kazi ikauzwa pamoja na viti vya ofisi. Nani alinifuata hapa kuniuliza nilisoma nini? Lakini mpaka leo nikienda Manyoni watu wananiita Namba Saba."

"Wanakuita halafu wanakununulia nini?"

Alinyanyuka akapiga teke kinu. Kinu cha mti mgumu, akaumia kidole. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira kiasi kile.

Nikamgeukia Elisha. Nilikuwa na hakika atasema shule. Akatazama chini, akasema, "Mama, niache nijaribu. Nisipojaribu nitakuja kukulaumu." Scola anasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli, lakini Scola hana mtoto anayemwambia vile.

21 Desemba

Tumekubaliana, na naandika ili nisije kusema sikuwepo. Lazaro atakwenda mjini na ile barua kumwomba mkuu wa sekondari atutunzie nafasi mpaka katikati ya Machi. Anasema walicheza wote mpira zamani. Wazungu wakija wakamchukua mtoto, sawa. Wasipomchukua, anakwenda darasani. Nimempa barua kwa mkono wangu.

24 Desemba

Lazaro amerudi anapiga mluzi. Mkuu amekubali, barua imebaki kwake. Tena amepata na ada, anasema amekopeshwa na mwenzake wa shirika. Nimepika wali leo badala ya kesho.

Jumapili, 3 Januari 1999

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi pikapu lilikuja kuchukua watoto watatu wa huku kwetu. Nimemfungia Elisha karanga na shuka, tumekwenda wote barabarani. Kocha Melkiori akatoa karatasi akaanza kuita majina. Akaita mtoto wa Ikungi, akaitika. Kisha akaita, "Fabiano Lazaro!"

Fabiano ni mwanangu. Nilimzaa mwaka themanini na sita, akaondoka na surua akiwa na miezi minane, na yupo nyuma ya zizi chini ya mawe aliyoyapanga Lazaro mwenyewe huku akilia. Nikageuka nione nani amethubutu kulitaja jina lile barabarani mbele za watu. Elisha akachukua furushi lake, hakunitazama, akaitika, "Nipo."

Akapanda, na gari likaondoka.

Nilikimbia nyumbani, nikafungua sanduku. Kadi ya ubatizo ya Fabiano niliiweka ndani ya kitambaa alichobatizwa nacho. Kitambaa kimekunjwa vizuri. Kadi haipo.

Lazaro aliponikuta nimekaa sakafuni akasema ni karatasi tu. Akasema kocha ndiye aliyemshauri, kila mzazi anafanya hivyo, wengine wananunua, sisi tulikuwa na ya bure. Ya bure! Nimemwambia ile kadi ndiyo kitu pekee duniani kinachosema kwamba Fabiano alizaliwa. Nimemwambia amemfukua mtoto. Akajibu, "Fabiano angefurahi kumsaidia kaka yake."

Nimehamishia mkeka wangu chumba cha Leah.

10 Januari

Hakuna mvua. Mtama umefika kwenye kifundo cha mguu, umesimama.

19 Januari

Hakuna mvua. Nazungumza na Lazaro kwa kumtuma Leah.

Jumatatu, 25 Januari

Leo wenzake wanaripoti. Nimeona basi la mjini limebeba matranka na magodoro juu. Nikajiambia nafasi imetunzwa. Nimejiambia hivyo siku nzima nikipanda alizeti kwenye udongo mkavu.

6 Februari

Barua ya Elisha. Anasema wapo vijana thelathini na mmoja, wanalala kwenye ghala la zamani, wanakula ugali na maharage mara mbili. Wanafanya mazoezi asubuhi na jioni. Viatu vina njumu na vinambana. Darasa lililoahidiwa bado, mwalimu hajapatikana. Aliyeitwa kwa jina la kwao akageuka, anakimbizwa kuzunguka uwanja mara kumi. Chini amesaini, "Wako mtoto, Fabiano."

Nimejua ameandika hivyo kwa sababu wanasoma barua zao. Hata hivyo niliichana, kisha nikaiunga kwa ugali, kwa kuwa ni mwandiko wake.

14 Februari

Mawingu na upepo tu. Tumeamka na vumbi mdomoni.

Jumatano ya Majivu

Lazaro anakaa stendi kuanzia asubuhi akiwaeleza watu Ubelgiji, wanakotoka Wazungu wa Melkiori, iko upande gani. Wameshaanza kumwita Baba Ulaya, wanamvika kilemba cha ukoka naye anakinyoosha vizuri kichwani. Mimi nalima nafasi ya watu wawili. Leo nimechimba mfereji peke yangu mpaka kiganja kimepasuka. Nimepita mbele ya stendi makusudi na jembe begani. Akanyanyuka haraka, akanipokea jembe, akasema mbele ya wenzake, "Mke wangu huyu, chuma!" Nilitamani kumwonyesha chuma.

3 Machi

Mvua. Ya kweli. Imechelewa kuokoa mtama, labda alizeti itapona.

Ijumaa, 12 Machi

Amerudi.

Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri. Saa kumi jioni Leah akasema, mama, kuna mtu pale kwenye zizi. Alikuwa amesimama nje ya uzio kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, viatu vya njumu amevifunga kamba shingoni. Pikapu liliwashusha Manyoni, likageuza. Kutoka hapo amedandia lori la chumvi, akamalizia kwa miguu. Nimemvua nguo kama mtoto mchanga, nimempa uji, na kwenye bakuli la pili akaanza kusimulia.

Wazungu walikuja kweli, hilo sitamsingizia Melkiori. Walikuja wawili na daktari wao. Siku ya kwanza vijana walicheza, na Elisha alifunga mabao mawili, moja kwa ule mguu wa kushoto, Mzungu mmoja akaandika kitu. Siku ya pili daktari aliwapanga mstari, akawaambia wafungue midomo.

"Alitazama meno, mama," Elisha akasema. "Ya nyuma. Akashika kadi yangu, akatazama tena meno."

Lazaro alikuwa ameegemea mlango. Nilimwona anafumba macho. Mnyaturu gani asiyejua kusoma umri wa ng'ombe kwenye meno? Tangu utoto tunawafungua midomo mnadani, hatudanganyiki hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Lakini huyu mfugaji mtoto wa mfugaji alimpeleka mwanawe na kadi ya miaka kumi na miwili na kinywa cha miaka kumi na sita, akadhani Mzungu ataamini karatasi.

Kati ya thelathini na mmoja wamebaki wawili. "Mmoja anajua mpira, mama," Elisha akasema. "Hata mimi namshangaa." Wale wengine Melkiori amewaambia warudi kwao, ada hairudi. Elisha alipodai kadi akaambiwa ni mali ya ofisi.

Nimelia kwa hasira, siyo kwa huruma. Nimelia kwa sababu mwanangu, baada ya yote, ana haya ya kukaa kwenye kiti.

Kabla ya kulala nikamwambia, "Jumanne nakupeleka sekondari. Nafasi yako ipo." Lazaro akatoka nje kwenye mvua. Nilidhani ana aibu.

Jumanne, 16 Machi

Nimemwacha Elisha getini na tranka lake, nimeingia ofisi ya mwalimu wa taaluma. Mama wa makamo, miwani, mpole.

"Nimemleta mwanangu aliyetunziwa nafasi," nikasema. "Elisha Lazaro, wa Issuna."

Akafungua daftari kubwa, akashusha kidole. "Elisha Lazaro yupo, mama. Aliripoti tarehe 26 Januari."

"Hapana, alikuwa Dodoma."

"Yupo kidato cha kwanza B. Tena heri umekuja, tuna shida naye. Hisabati amepata nne." Akatuma mtu amwite.

Aliyeingia ni Gasto wa Leonidas. Shati jeupe, tai, viatu vinang'aa. Aliponiona alisimama. Nimemjua huyu tangu anatambaa, nimemfuta kamasi kwa khanga yangu. Akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti iliyopotea, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema.

"Ndiye huyu mwanao?" mwalimu akaniuliza.

Mtu atakayesoma hapa aniambie angesema nini. Lilihitajika neno moja tu: hapana. Lakini papo hapo nikajua kila kitu: barua niliyompa Lazaro kwa mkono wangu, sitini elfu iliyopatikana katika safari ileile ya barua, ule mluzi. Nikamwona Lazaro amefungwa pingu kwa kuuza nafasi ya serikali. Nikaliona jina la Elisha limefutwa kwenye daftari lile kwa kalamu nyekundu, wote wawili wanafukuzwa, mwenye kununua na mwenye kuuzwa.

Nikasema, "Nimepita kumsalimia."

Nikatoka. Elisha alikuwa amesimama kando ya tranka, akajiweka sawa shati aliponiona. Nilimwambia palepale, sikuweza kumdanganya. Hakulia. Akauliza tu, "Nne kwa mia?" Alikuwa anapata tisini.

Jumatano, 17 Machi

Nimemuuliza Lazaro mbele ya Elisha, kwa Kinyaturu ili asipate pa kujificha. Amekiri. Leonidas ndiye aliyemfuata, wakati tayari amekwama ada. Hakufika kwa mkuu wa sekondari, wala hawajawahi kucheza mpira pamoja. "Nilijua hatarudi," akasema. "Ungemwona mguu wake, Mama Elisha. Nilijua kabisa hatarudi."

Hilo ndilo linalonichoma. Siyo mwizi. Mwizi ningejua la kumfanya. Alimpenda mtoto mpaka akamuuza.

Kutoka hapo nimekwenda kwa Leonidas. Yupo kwenye mashine yake, mashudu mpaka kwenye kope. Hata hakukana.

"Mumeo aliuza, mimi nikanunua. Siku hizi ni soko huria, dada."

"Mwanao anashika mkia kwa jina la mwanangu!"

"Basi tumwombee ashike kichwa," akasema. Akamwita kijana wake aniletee debe la mafuta, liwe pole. Nililipokea. Nikalimwaga lote miguuni pake, polepole, mpaka tone la mwisho, wanawake wa foleni wakishuhudia. Debe nikaondoka nalo.

23 Machi

Alizeti imepona. Elisha anapalilia kuanzia alfajiri. Vijana wamepita na mpira wakamwita. Amekataa.

Jumapili, 28 Machi

Mwalimu Nathan amenisubiri nje ya kanisa. Anajua, kijiji kizima kinajua, yale mafuta yalinuka mpaka barabarani. Akanivuta kando.

"Jina lake limeshafanya mtihani na limeshafaulu," akasema. "Siwezi kuliandikisha tena. Lakini akija mtoto mwingine, mwenye umri wa darasa la sita, nitampokea. Asome sita, asome saba, afanye upya." Akatazama viatu vyake. "Nasikia mlishawahi kuwa na jina."

Nilimtukana. Mwalimu mkuu, mbele ya kanisa, Jumapili ya Matawi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Sawa, mama. Mlango uko wazi mpaka Pasaka ipite."

Ijumaa Kuu

Elisha amejua. Leo tumefunga, tumekaa kwenye kivuli cha ghala, akaanza mwenyewe.

"Mama, nitarudi darasa la sita."

"Kwa jina la marehemu? Utaitikia kila asubuhi, mimi nipo hai?"

"Nimeshaitikia miezi miwili," akasema. "Kule niliitikia kwa ajili ya baba. Huku nitaitikia kwa ajili yangu."

Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini mbona aliyechuma anakula kidogo, na sahani kubwa iko mbele ya mtoto? Nimemjibu nitafikiri. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma, na kila njia niliyoiona inapita nyuma ya zizi.

Jioni nimekwenda pale kwenye mawe, nimeng'oa majani yaliyoota kwa mvua hii.

Jumanne, 6 Aprili

Tumekwenda saa moja asubuhi. Mwalimu Nathan akafungua daftari la uandikishaji, akalisukuma upande wangu pamoja na kalamu.

"Andika wewe, mama. Mimi nimebakiza miaka mitano kustaafu."

Nikaandika. Jina, Fabiano Lazaro. Kuzaliwa, 1986. Nilifika kwenye mstari wa kadi, nikaandika "imepotea." Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa nao shuleni, na leo umekaa pale wima bila hata kutetemeka. Miezi mitatu nimemwita mume wangu mwongo.

Elisha akaingia darasa la sita. Hata na udogo wake, wenzake wanamfika kidevuni. Mmoja akacheka, "Elisha, umerudi kufanya nini?" Akasogeza benchi, akakaa kwa shida maana magoti hayaingii chini ya meza, akamjibu kwa utaratibu, "Naitwa Fabiano."

Nilipofika nyumbani Lazaro alikuwa uani, amevaa shati la kutokea kana kwamba kuna sherehe. Amekonda. Hakuthubutu kunisogelea.

"Wamemchukua?" akauliza.

"Wamemchukua Fabiano," nikamwambia. "Elisha ulishamuuza."